Jogoo Aliyewika Saa Nne Usiku

Kila anayeanza kufuga kuku nyuma ya nyumba hufika siku akajiuliza: jogoo ni wa nini? Tetea hutaga bila jogoo. Wafugaji wa kuku wa mayai wanalijua hilo. Mabanda yao yana mamia ya kuku bila jogoo hata mmoja, na trei zinajaa. Jogoo hatagi. Anakula kuliko tetea, anaparua mchicha wa watu, anapigana na majogoo wa mtaa, na anapiga kelele wakati watu wamelala. Ukihesabu kwa debe la pumba, jogoo ni hasara.

Sisi ni mume na mke, na tumeifanya hesabu hiyo mara nyingi. Mmoja wetu alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu. Mwingine ameuza vitenge sokoni miaka mingi. Tunaishi Tunduma, mji ambao ni mlango wa nchi. Upande huu ni Tanzania, Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ukivuka uko Nakonde, Zambia. Katikati ya mji inapita barabara kuu ya TANZAM, na reli ya TAZARA nayo iko hapahapa. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo huja kwetu yakielekea Dar es Salaam, na ya mafuta hupita yakienda huko. Kituo cha forodha cha pamoja kilizinduliwa mwaka 2019, lakini hata sasa usiku wa Tunduma si usiku wa kijijini. Taa za malori zinapita ukutani kama mtu anayetafuta kitu kwa tochi.

Katika mji kama huo tulikuwa na tetea 11 na jogoo 1, mwekundu, mwenye mkia mweusi. Tulimweka kwa sababu moja: tulitaka vifaranga. Yai la dukani ni kitoweo cha siku moja, lakini yai lenye mbegu, likiatamiwa siku 21, ni mwanzo wa banda la mtu mwingine. Tulipostaafu tuliweka ahadi mbele za Mungu kwamba katika kila uzao, tetea mmoja atatoka nyumbani kwetu kwenda kwa mtu asiye na kuku. Hatukuitangaza ahadi hiyo kanisani. Ilianza na mjane wa nyumba ya tatu, ikaendelea kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne asiwe na kazi, na mwisho tukaacha kuhesabu. Kuku wa mtaa wetu wakawa ndugu. Hata siku ya chanjo ya kideri tulikuwa tunakutana pamoja, kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Tone moja katika jicho la kila kuku, kila baada ya miezi 3, na watoto wa mtaa ndio wakamataji.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa na tetea 4 waliotoka kwetu. Jogoo hakuwa naye. Hakumhitaji, wetu alikuwa anapita kwenye tundu la uzio kila asubuhi kama mzee wa kanisa anayetembelea kanda yake.

Jogoo huyo ndiye aliyewika saa nne usiku, mwezi Juni, wakati wa baridi yetu ile inayoingia mifupani.

Msomaji aliyelelewa mjini anaweza asielewe uzito wa jambo hilo. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba jogoo anayewika usiku wa mapema anaita msiba. Akiwika alfajiri ni saa. Akiwika watu wanapomaliza kula ni habari mbaya, na nyumba iliyo karibu naye ijiandae. Dawa yake, wazee walisema, ni kumchinja usiku uleule. Tumemwona mzee wa kanisa, mtu wa sala kwelikweli, akinyamaza na kuweka kijiko chini aliposikia jogoo saa mbili usiku. Imani zetu zina vyumba vingi, na si vyote tulivyompa Bwana funguo zake.

Usiku ule mtoto wa pili wa jirani yetu, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa mgonjwa siku ya tatu. Baba yake ni dereva, alikuwa safarini Lubumbashi. Jogoo aliwika mara moja, akanyamaza, kisha akawika tena. Haikupita nusu saa, tukasikia hodi. Walikuwa wawili, jirani yetu na mama mkwe wake, mtoto akiwa mgongoni amefunikwa blanketi.

“Shikamoo mwalimu, shikamoo mama,” alisema jirani. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

“Marahaba, mwanetu. Mtoto vipi?”

Mama mkwe ndiye aliyejibu. “Mmesikia wenyewe. Jogoo wenu anamwita mtoto wetu. Tumekuja kwa heshima, sisi ni majirani. Achinjwe sasa hivi, na nyama yake mtu asile. Kesho asubuhi tutampeleka mtoto kwa mtu mmoja anayejua mambo haya.”

Hatukujibu mara moja. Tulimfunua mtoto. Alikuwa anahema haraka sana, na kila akivuta pumzi, chini ya mbavu palikuwa panabonyea ndani. Anayeishi nchi ya baridi na ana wajukuu anaijua dalili hiyo. Ni kichomi, ambacho hospitalini wanakiita nimonia, na mtoto wa namna hiyo hangoji kesho.

Tuliwakaribisha wakae karibu na jiko la mkaa, mlango ukiwa wazi kidogo ili moshi utoke, tukaenda jikoni sisi wawili. Tulizungumza kwa dakika chache tu, lakini dakika hizo tumezitafakari kwa miaka.

Mmoja wetu alisema: hatuwezi kuchinja kwa hofu. Leo tukimwaga damu ya jogoo ili mtoto apone, na mtoto akipona, mtaa mzima utajifunza kwamba damu ya jogoo ndiyo iliyomwokoa. Mtoto wa nyumba nyingine akiugua, watu watauliza: sasa jogoo wa nani? Na baada ya jogoo wataulizana: mwenye jogoo ni nani? Sisi ni wazee. Tunajua katika nchi hii swali hilo humwishia nani. Zaidi ya hayo, tumekiri mbele ya kusanyiko kwamba uzima na mauti viko mkononi mwa Mungu. Tukikubali kwamba viko katika koo la kuku, tumekiri nini?

Mwingine alisema: hayo yote ni kweli, lakini yule mama ana mtoto anayebonyea mbavu. Hakuja kufanya mjadala wa imani. Ukimwambia sasa kwamba hofu yake ni upuuzi, atainuka na kuondoka, na akiondoka ataenda kwa huyo mtu, siyo hospitali. Utakuwa umeshinda hoja na kumpoteza mtoto.

Ndipo tulipokumbuka habari ya Wakorintho. Katika waraka wa kwanza, sura ya nane, Paulo anazungumza juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Anakubaliana na wale wenye maarifa kwamba sanamu si kitu. Hapunguzi ukweli huo hata kidogo. Lakini anawauliza kuhusu ndugu ambaye dhamiri yake bado haijafika hapo: je, uhuru wenu utamwinua au utamwangusha? Na anasema kwa upande wake yuko tayari kuacha kula nyama kabisa kuliko kumkwaza ndugu.

Tulikuwa tumesikia mahubiri juu ya sura hiyo mara nyingi, na kila mara ilionekana ni habari ya watu wa kale na masoko yao ya nyama. Usiku ule ilikuwa habari ya jikoni kwetu. Lakini tuliona pia kwamba jambo letu si sawasawa na la Paulo. Yeye angeweza kuacha nyama na hofu ya ndugu yake isiongezeke. Sisi tukichinja kwa namna tulivyoombwa, hofu ingepewa chakula. Ilibidi tutafute njia ya kumwachia jirani nafasi bila kuipa hofu kiti.

Tulirudi sebuleni. Mmoja wetu akasema: “Mama, sisi hatuamini kwamba jogoo anaita mauti, na hatutakudanganya kwamba tunaamini. Kwa hiyo hatutamchinja kwa ajili ya hilo. Lakini hatutaki umsikie tena ukiwa na mtoto mgonjwa. Tutamwondoa mtaani usiku huu huu. Sisi tunakuomba kitu kimoja tu: mtoto aende hospitali sasa, si kesho. Tutakwenda wote.”

Mama mkwe alitutazama kwa muda mrefu. Hakusema ndiyo. Alisema, “Bajaji iitwe.”

Mmoja wetu alikwenda na mtoto. Mwingine aliingia bandani na tochi, akamtoa jogoo, akamfunga miguu na kumtia ndani ya tenga, na kabla ya mapambazuko alikuwa kwenye gari la kwenda Mlowo, kwa ndugu yetu anayelima kahawa. Hospitalini mtoto aliwekewa oksijeni na kuchomwa sindano, na daktari wa zamu alisema maneno ambayo hatukuyarudia kwa mama yake hadi mtoto alipopona: kwamba asubuhi pengine wangekuwa wamechelewa. Alilazwa siku 6. Siku ya saba alirudi nyumbani akila uji na kumpiga teke bibi yake mgongoni.

Tulimshukuru Mungu. Lakini ukweli lazima usemwe wote: mtaani walisema mtoto amepona kwa sababu jogoo ameondolewa. Jirani yetu hakulisema, wala hakulikanusha. Sisi hatukusimama barabarani kubishana. Kila aliyetuuliza tulimjibu kwa maneno yaleyale: jogoo yuko Mlowo, ni mzima, anawika kila siku, na mtoto ametibiwa hospitali.

Katika wiki hizo tulimuuliza afisa mifugo wa kata kwa nini jogoo awike saa nne usiku. Alicheka. Alituambia jogoo ana saa ndani ya mwili wake. Baadaye tulisoma kwamba mwaka 2013 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo ndani ya chumba chenye mwanga hafifu usiobadilika, na bado waliwika kila alfajiri ilipokaribia, kana kwamba wanaliona jua. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba majogoo wakikaa pamoja, mkubwa wao ndiye anayeanza, na wadogo humngoja. Lakini, afisa akasema, mwanga na kelele pia vinaweza kumchokoza awike nje ya wakati wake. “Banda lenu linatazama wapi?” Tulimwonyesha. Dirisha la wavu lilikuwa linatazama barabara kuu, na mwezi ule malori yalikuwa yanapanga foleni hadi karibu na mtaa wetu, kila moja likigeuza na taa zake kali. “Mnamlaumu bure,” alisema. “Anawasalimia madereva.”

Tulipomsimulia jirani yetu, alitabasamu kwa adabu. Maelezo ya namna hiyo husaidia, lakini hofu iliyoingia utotoni haitoki kwa maelezo.

Mwezi wa Julai ulituletea msiba. Yule mjane wa nyumba ya tatu, mtu wa kwanza kupokea tetea kutoka kwetu, alilala akiwa mzima na hakuamka. Mtaa mzima ulilia, maana alikuwa bibi wa watoto wote. Siku ya pili ya matanga, wanawake walipokuwa wanachambua mchele, jirani yetu alisema polepole, kana kwamba anajisemea mwenyewe: “Huyu mbona hakuna aliyemtangaza?” Hakuna aliyejibu. Wote walijua kwamba hakuna jogoo aliyekuwa amewika usiku ule, wala usiku mwingine wowote, kwa mwezi mzima. Wahenga walisema: jogoo awike asiwike, kutakucha. Siku ile tulifahamu kwamba msemo huo una upande wa pili. Awike asiwike, mauti nayo huja kwa saa isiyojulikana, na haimtumi kuku.

Kisha ukafika Agosti. Tetea mmoja wa jirani aliingia kuatamia mayai 12. Alikaa kwa uaminifu, akitoka kunywa na kula tu. Siku ya 21 ikapita, ya 23 ikapita. Siku ya 25 jirani alipasua moja, kisha jingine, kisha yote. Yalikuwa maji matupu. Alikuja kwenye uzio akiwa ameshika ganda.

“Mwalimu, mayai yangu yote ni viza. Tatizo ni nini?”

Tulimweleza. Jogoo akishaondoka, tetea huendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki 2 hivi au zaidi kidogo, kisha basi. Anaendelea kutaga, mayai ni mazuri kwa kukaanga, lakini hakuna uhai ndani yake. Alisikiliza, akalitazama ganda, akatazama tundu la uzio ambalo jogoo alikuwa anapitia.

“Kumbe alikuwa wangu pia,” alisema. Kisha akaongeza: “Mrudisheni.”

Tulimuuliza mara mbili kama ana hakika. Tulimuuliza na mama mkwe wake, kwa heshima, maana ndiye aliyetangulia kuongea usiku ule. Mama mkwe alisema, “Mimi ni mzee, nimeyasikia mengi. Lakini kuku bila vifaranga ni nini?” Hatukuhesabu hayo kuwa ushindi wa hoja. Yalikuwa ruhusa, na ruhusa hiyo ilikuwa na thamani kwetu kuliko ushindi.

Kabla ya kumrudisha tulishona turubai juu ya lile dirisha linalotazama barabara, tukaacha hewa ipite kwa juu, upande wa nyuma. Vijana wawili wa mtaa walisaidia, mmoja wao yule aliyepewa tetea alipomaliza shule. Jogoo alirudi kutoka Mlowo amenenepa. Usiku wa kwanza tulilala kwa kusikiliza, sisi na jirani, kila mmoja upande wake wa ukuta. Alinyamaza hadi saa kumi na moja kasoro, akawika.

Tumejifunza nini? Katika Injili kuna jogoo mmoja anayejulikana na kila Mkristo, yule aliyewika Petro alipokuwa amemkana Bwana wake. Katika nchi nyingi za Ulaya utaona jogoo wa chuma juu ya minara ya makanisa, kwa kumkumbuka yeye. Jogoo yule hakumletea Petro mauti. Alimletea machozi, na machozi yakamrudisha. Na alipokuwa anawika, Petro hakuwa peke yake. Luka anasimulia kwamba Bwana aligeuka akamtazama. Hilo ndilo tunalolishika. Sauti yoyote inayotutisha usiku, kabla hatujauliza inamaanisha nini, tugeuke kwanza tuone ni nani anayetutazama.

Lakini tunashika na jambo la pili. Mkristo aliyewekwa huru na hofu anaweza kuugeuza uhuru wake kuwa fimbo. Anaweza kumcheka mwenye hofu, kumhubiria mlangoni saa nne usiku, na kurudi kulala akijiona ameitetea imani. Bwana wetu aliposema habari ya kukusanya watu wake, hakuchagua mfano wa jogoo. Alichagua kuku jike na mbawa zake. Kifaranga akikimbilia chini ya bawa, haulizwi kwanza kama mwewe aliyemwona ni wa kweli.

Kwa hiyo wanaotuuliza kama wafuge jogoo, tunawajibu kama wafugaji: jogoo 1 kwa tetea 8 hadi 10 anatosha, umbadilishe kila baada ya mwaka au miwili asije akazaa na watoto wake, na banda lisitazame taa. Ukitaka mayai tu, usijisumbue naye. Ukitaka uhai uvuke uzio uende kwa jirani, utamhitaji, na pamoja naye utazipokea kelele zake na maneno ya watu.

Jirani yetu sasa ana tetea 9. Mtoto yule anaanza darasa la awali mwakani. Hofu haijaisha kabisa, na hatudai kwamba imeisha. Bado zipo siku ambapo upepo wa Tunduma unang'oa turubai, taa za lori zinaingia bandani, na jogoo anawika watu wakiwa mezani. Zamani nyumba ya pili ingenyamaza kimya. Siku hizi tunasikia dirisha likifunguliwa na sauti ya mama mkwe ikivuka ukuta:

“Mwalimu! Turubai limeanguka!”

Tunachukua tochi, tunakwenda kulifunga.